Faili la kibali liseme jambo moja

"Dada, huyu mgeni wenu ni watu wangapi?"

Afisa wa uhamiaji aliniuliza swali hilo akiwa amezipanga karatasi zangu tatu juu ya meza, moja kando ya nyingine, kama mtu anayepanga karata. Barua ya kampuni ilimwita mgeni wetu mkurugenzi wa fedha. Mkataba wake wa ajira ulimwita mshauri wa fedha. Fomu tuliyokuwa tumeiwasilisha kwa msajili wa makampuni miezi miwili kabla ilimtaja kuwa mjumbe wa bodi ya wakurugenzi. Sikuwa na la kujibu. Barua niliiandika mimi, mkataba uliandikwa na wanasheria wa kampuni mama huko nje, fomu ilijazwa na katibu wa kampuni, na hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyekuwa amesoma karatasi ya mwenzake.

Hayo ni ya miaka tisa iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika idara ya utumishi ya kiwanda cha vifungashio kilichopo Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, Uganda. Tangu siku hiyo nimeshughulikia vibali vya kazi vya wageni wengi, wakubwa na wadogo. Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa Uganda, na Kiswahili nimekulia nacho nyumbani na sokoni. Kwa hiyo wenzangu wa Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo wanapohamishiwa Kampala, au wanapotakiwa kumwombea kibali bosi wao, swali hunifikia mimi kabla ya kumfikia mwanasheria. Haya ndiyo ninayoyarudia kwa simu karibu kila mwezi.

Jambo la kwanza ni kujua nani anaamua. Maombi hupokelewa na Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na yenye makao makuu Barabara ya Jinja. Hata hivyo, mwenye kauli juu ya kibali ni Bodi ya Taifa ya Uraia na Uhamiaji, chombo kilichotajwa katika Katiba ya mwaka 1995 na kupewa kazi zake na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1999. Afisa anayepitia karatasi zako anaweza kukwambia kwamba zimekamilika au zimepungua, lakini hawezi kukuahidi kibali, na anayekuahidi basi ujue anazungumzia kitu kingine. Bodi nayo haikai na mgeni wako kunywa chai ikamsikiliza anavyoijua kazi yake. Inachokiona ni faili. Lile ambalo faili halikulisema, mgeni hakulisema.

Kile ambacho sote tunakiita kibali cha kazi, sheria hukiita kibali cha kuingia, nacho kimegawanywa kwa herufi. A ni ya wanaotumikia serikali au wenye mikataba nayo, B ni ya wawekezaji wa kilimo na ufugaji, C ni ya madini, D ni ya biashara, E ni ya viwanda, F ni ya wanataaluma wanaojitegemea, na G ni ya walioajiriwa. Hiyo G nayo ina matawi mawili: G1 kwa wamisionari, watu wa kujitolea na wafanyakazi wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na G2 kwa mgeni aliyeajiriwa na kampuni. Muda unaoombwa unaweza kufika miezi 36, na ada hutozwa kwa dola za Marekani kulingana na daraja na muda. Viwango vya ada huvitafuta kwenye tovuti ya uhamiaji asubuhi ile ile ninayoandaa malipo, kwa maana niliwahi kumpa bosi makadirio ya mwaka uliopita na nikalazimika kurudi kuomba nyongeza.

Kazi ya kuchagua herufi inaonekana rahisi mpaka ufike kwa mkurugenzi. Kiswahili chetu hapa kinatuponza, kwa kuwa neno hilo moja tunamwitia anayekaa kwenye bodi, anayemiliki hisa, na mwajiriwa wa mshahara aliyekabidhiwa idara. Mbele ya uhamiaji hao ni watu watatu tofauti. Aliyekuja na mtaji wake akafungua kiwanda anaomba kama mwekezaji wa viwanda, na njia yake hupitia Mamlaka ya Uwekezaji ya Uganda, ambako huchukua leseni ya uwekezaji. Chini ya sheria ya uwekezaji ya mwaka 2019 mwekezaji wa kigeni hutarajiwa kuonyesha mtaji usiopungua dola 250,000. Aliyeletwa na kampuni mama kuja kuongoza kwa mshahara, hata akiwa na ofisi kubwa kuliko zote na dereva wake, ni mwajiriwa, na daraja lake ni G2. Mjumbe wa bodi anayekuja mara mbili kwa mwaka kuhudhuria kikao kisha akarudi kwao hahitaji kuombewa kibali cha ajira, lakini asikutwe ameketi kwenye meza ya kazi akiidhinisha mishahara.

Yule mgeni wetu wa watu watatu alikuwa mwajiriwa. Tulirekebisha mkataba, nikaandika barua upya, na katibu wa kampuni akaeleza kwa maandishi kwamba jina lake kwenye bodi lilikuwa la cheo tu, bila hisa. Tulipoteza wiki sita. Tangu hapo, kabla sijaweka chochote kwenye mfumo wa mtandaoni, naweka karatasi zote mezani kama yule afisa alivyofanya, nachukua kalamu nyekundu, na nalizungushia duara kila jina, kila cheo, kila tarehe na kila kiasi cha mshahara. Duara mbili zisizokubaliana maana yake siku hiyo sitaomba kitu.

Katika majina utashangaa. Mtanzania mmoja tuliyemwajiri kama mhasibu mkuu alikuwa na majina mawili kwenye cheti cha sekondari, matatu kwenye shahada, na kwenye pasipoti jina la babu lilikuwa limekaa mahali pa jina la baba. Kwetu sisi hilo si ajabu, kila mtu mtaani anajua ni yeye. Faili halijui mtaa. Aliapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote ni yake, hati ya kiapo ikatangulizwa mbele ya vyeti, na hatukuulizwa tena. Vyeti vya lugha nyingine, kama vile vya Kifaransa vya wenzetu wa Kongo au vya Kituruki, lazima viambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na mfasiri anayetambulika. Mpwa wa bosi aliyesoma nje hafai kwa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye barua, kwa sababu nimeona kampuni zenye wanasheria wa bei kubwa zikipeleka barua ya mistari minne. Barua ya maombi ndiyo mahali pekee ambapo kampuni inajibu swali ambalo kila Mganda angeliuliza, na ambalo Bodi inaliuliza kwa niaba yake: kwa nini kazi hii asipewe mtu wa hapa? Kumsifia mgeni hakulijibu swali hilo. "Ana uzoefu mkubwa na ni mchapakazi" ni maneno yanayomfaa pia kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka juzi.

Tulipomleta fundi Mturuki wa mashine ya kuchapa mifuko, mashine ya rangi nane iliyonunuliwa kwao, rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sifa za aina hiyo hiyo. Meneja wa uzalishaji, mzee wa Kiganda asiye na maneno mengi, aliisoma akanirudishia. "Mwanangu, hujaitaja mashine," akasema. Akanichukua mpaka chini kiwandani, akanionyesha silinda zinavyopangwa ili rangi nane zikutane mahali pamoja bila kupishana hata unywele, akaniambia mfuko wa unga unaotoka na herufi zenye kivuli mteja huurudisha, na kwamba fundi wetu mwenye uzoefu kuliko wote amewahi kushika mashine ya rangi nne tu. Niliandika hayo yote. Niliongeza kwamba tulitangaza nafasi hiyo gazetini na nikaambatisha tangazo, nikaeleza sifa za walioomba na pengo lililobaki. Mwisho nikawataja kwa vyeo vijana wawili wa Kiganda watakaofanya kazi chini ya fundi huyo, nini watafundishwa mwaka wa kwanza na nini mwaka wa pili. Barua ilifika kurasa mbili na nusu. Kibali kilipita bila kurudishwa.

Nasisitiza hao vijana wawili kwa sababu wakati wa kuomba upya utaulizwa habari zao. Kampuni iliyoandika mwaka wa kwanza kwamba inamfundisha Mganda, kisha baada ya miaka miwili ikarudi na barua ile ile, neno kwa neno, inajishtaki yenyewe. Mimi huweka kwenye faili vyeti vya mafunzo, tathmini za kila nusu mwaka, hata picha za vijana wakiwa kwenye mashine. Katika sekta ya mafuta jambo hili limebanwa zaidi: kanuni za mwaka 2016 za ushiriki wa wazawa zinaitaka kampuni iwe na mpango wa kurithishana kazi, na kabla ya kwenda uhamiaji inahitaji pendekezo la Mamlaka ya Petroli ya Uganda iliyopo Entebbe. Tangu uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulipotiwa saini Februari 2022 kwa ajili ya miradi ya mafuta ya Tilenga na Kingfisher na bomba la kwenda Tanga, marafiki zangu walio kwenye kampuni za Hoima wamezoea kuanza safari yao huko.

Sekta nyingine nazo zina mlango wao wa kwanza. Mkuu wa benki hupitishwa na Benki Kuu ya Uganda, ambayo humchunguza kama anafaa kabla hajakalia kiti. Daktari husajiliwa na baraza la madaktari, mhandisi na bodi ya wahandisi. Kampuni inayokimbilia uhamiaji kwanza hujikuta inarudishwa huko.

Upande wa kampuni yenyewe kuna cheti cha kuandikishwa, namba ya mlipakodi, na ushahidi kwamba kodi inalipwa. Hapa ndipo panapowaumbua wengi. Nimeletewa mikataba miwili ya mtu mmoja, mmoja wenye mshahara mnono wa kumvutia mgeni na mwingine wenye mshahara mdogo wa kupeleka kwa mamlaka ya mapato, na nikaombwa nichague "unaofaa." Ukweli ni kwamba hakuna unaofaa. Mshahara mdogo mno kwenye kibali huibua swali la kwa nini mtaalamu adimu alipwe kama karani, na mshahara mkubwa usiolingana na kodi iliyokatwa huonekana mara tu unapoomba upya. Mgeni anayekaa nchini siku 183 au zaidi katika miezi 12 ni mkaazi kwa mambo ya kodi; mshahara wake hukatwa kama wetu, hadi asilimia 30, na sehemu inayozidi shilingi milioni 10 kwa mwezi huongezewa asilimia 10 juu yake. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo inamhusu, asilimia 5 kutoka kwake na 10 kutoka kwa mwajiri. Wageni wengi huambiwa mambo haya baada ya kufika, na lawama humwangukia mtu wa utumishi, kana kwamba kodi niliitunga mimi.

Cheti cha mwenendo mwema hutoka nchi anakotoka mgeni, au alikoishi mwisho, na aliyekwisha kukaa hapa hukichukua kwa Interpol ya Kampala. Kinachukua muda, na muda wenyewe hauko mikononi mwako. Anza nacho.

Wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ndio wanaonipigia simu zaidi, na ndio waliojaa dhana potofu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa, na pale kwetu Busia watu huvuka asubuhi na kurudi jioni bila kufikiri. Kitambulisho kinamvusha mtu mpaka. Hakimpi kazi. Miezi sita anayogongewa mwana-Jumuiya kama mgeni ni ya kutembea, kuona ndugu na kuangalia biashara. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kuajiriwa, lakini inamtaka mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuufunga, na inaitaka mamlaka kutoa kibali ndani ya siku 30. Mkataba wa siku 90 au pungufu huombewa pasi maalumu. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana pia kuondoleana ada za vibali, jambo ambalo wakuu wa kampuni husikia nusu yake tu, wakaelewa kwamba kibali chenyewe kimefutwa. Ada imeondolewa, maombi hayajaondolewa, na barua, vyeti na mkataba vinatakiwa kama kawaida.

Nilisema marafiki wananipigia simu. Wengi hupiga wakiwa tayari wameungua. Mwajiri wangu wa zamani, ambaye sitamtaja, alimleta meneja wa mauzo kutoka Asia kwa viza ya utalii ya dola 50, kwa hoja kwamba "aanze kuzoea wakati karatasi zinaenda." Alizoea kwa wiki tatu, akiendesha vikao na kutia saini hati za kupokea mizigo. Ukaguzi ulipofika ofisini, jina lake lilikuwa kwenye mlango na kwenye kadi za biashara zilizokuwa juu ya meza. Aliondoka nchini kwa ndege aliyoikatia tiketi yeye mwenyewe, kampuni ikapigwa faini, na maombi yake ya baadaye yakabeba kovu hilo. Nilikuwa nimeonya kwa mdomo, na sikuandika, ndiyo maana siku hizi naonya kwa barua pepe. Kama kazi haiwezi kusubiri, pasi maalumu ipo kwa ajili hiyo hiyo: inamruhusu mtu kwa miezi michache afanye shughuli fupi iliyotajwa, au akae kihalali wakati ombi kuu linashughulikiwa.

Kuhusu mabroka sina mengi. Wapo wanasheria na mawakala waaminifu wanaofanya kazi hii vizuri, na kampuni ndogo isiyo na mtu wa utumishi hufanya busara kuwatumia. Wapo pia wanaokwambia usijaze chochote, wape pasipoti na fedha taslimu tu. Malipo halali hayapiti mkononi kwa mtu: ombi likikubaliwa mfumo hutoa namba ya malipo, ile PRN ambayo kila mtu Kampala anaijua, na unalipa benki au kwa simu. Baada ya hapo mgeni mwenyewe hufika kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kidole hakina wakala.

Familia ihesabiwe mapema. Mke au mume na watoto huombewa pasi ya mtegemezi, na anayeishi kwa pasi hiyo haruhusiwi kuajiriwa. Mke wa mmoja wa mameneja wetu, mwalimu kwa taaluma, aliahidiwa kazi katika shule moja na ikabidi shule hiyo imwombee kibali chake mwenyewe. Mtoto anayesoma huhitaji pasi ya mwanafunzi. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye mkoba wa mkononi wakishuka Entebbe, isiwe kwenye sanduku.

Ukutani kwangu pana kalenda ya karatasi, ya kizamani, yenye majina ya wageni wote na siku vibali vyao vinapokwisha. Alama ya kwanza naiweka miezi minne kabla, kwa maana cheti cha kodi, cheti cha Interpol na sahihi ya mkurugenzi aliye safarini havipatikani kwa siku moja. Mfumo wa kompyuta wa kampuni nao hutukumbusha. Siuamini kwa sababu humkumbusha mtu aliyeacha kazi mwaka jana.

Fundi wetu Mturuki alimaliza mkataba wake mwaka juzi. Kiwanda kimoja cha Jinja kilimtaka aanze Jumatatu inayofuata, na meneja wa huko alishangaa nilipomwambia haiwezekani, maana kibali kilikuwa kimebakiza miezi saba. Nilimweleza kwamba kibali kile kilitolewa kwa kazi ile, katika kampuni ile, na siku ajira inapokoma nacho kinakoma. Sisi tunatakiwa kuiarifu uhamiaji kwamba ameacha kazi kwetu, na wao wanatakiwa kumwombea upya. Akaniuliza kama ningeweza kuichelewesha barua ya kuarifu, angalau wiki mbili. Nilimwambia imekwisha kwenda asubuhi ile, na ilikuwa kweli. Wiki moja baadaye karani wake alinipigia, binti mdogo kwa sauti yake, akauliza kwa heshima kama ningemsaidia nakala ya barua ya kumwachia fundi. Nilimtumia, na pamoja nayo nikamtumia ile barua yetu ya kurasa mbili na nusu, nikamwambia asiinakili: ashuke kwanza kiwandani aiangalie mashine yao.